Helmeti ya Picha

Kitu cha kwanza Nihad alichomfanyia Belma maishani ni kumpiga kichwani. Hakukusudia. Ilikuwa saa sita mchana ndani ya duka la pita, ile mikate ya kukunja yenye nyama au viazi ndani, kule Čaršija, katikati ya Sarajevo, foleni imefika mlangoni, harufu ya nyama na vitunguu imejaa hadi kwenye makoti ya watu, na mwanamume mzima wa miaka thelathini na mbili akaingia na mbao zake za kutelezea theluji begani, kama vile nazo zina njaa. Mtu akamwita kwa nyuma. Akageuka. Mbao nazo zikageuka.

"Ala!" Belma alishika sikio. "We kaka, una wazimu?"

"Samahani, dada! Samahani sana! Umeumia? Hebu tazama hapa, hivi vidole vingapi?"

"Vitatu, na vyote vichafu."

Foleni ikaangua kicheko. Belma alikuwa na koti la rangi ya haradali, skafu nyekundu na nywele zilizokatwa shingoni, na hasira ilimpendeza. Nihad alikuwa na jaketi jekundu la wakufunzi wa mlimani, uso umeungua kwa jua la theluji isipokuwa pale miwani inapokaa, na meno ya mtu asiyejua kununa.

"Siku hizi mtu akija kununua pita ya viazi avae helmeti?" Belma aliuliza.

"Akisimama nyuma yangu, ndiyo. Acha basi nikulipie, na mtindi juu."

Wakala wamekaa kwenye vigoda, magoti yanagongana. Nihad alisema anafundisha watoto kuteleza kule mlima Bjelašnica. Belma alisema yeye anafundisha kusema.

"Watoto?"

"Watu wazima. Walioumia kichwa, maneno yakawapotea."

"Basi nipokee na mimi, maana tangu nikutazame nimebaki na maneno mawili tu."

"Yapi hayo?"

"Namba yako."

Belma alijiambia hatampa. Akampa.

Mapenzi yakaanza kwa simu. Nihad alipiga asubuhi kabla ya kupanda mlima, akapiga mchana, akapiga jioni akiwa anavua viatu. "Umekula, roho yangu?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Nihad, nina mgonjwa mbele yangu." "Mwambie namsalimia." Rafiki zake kazini walimcheka Belma kwa jinsi alivyotoka koridoni na uso mkavu akarudi na mashavu mekundu.

Ila jambo moja lilimnyima raha. Wanafunzi wa Nihad, vitoto vya miaka mitano, wote waliteleza na helmeti. Mwalimu wao alishuka kichwa wazi, nywele zinapepea, kwa kasi ambayo Belma aliiona kwenye video akatamani asingeiona.

"Mimi nimezaliwa juu ya mbao hizi," Nihad alisema.

"Na Samir naye alizaliwa juu ya hizohizo."

Samir alikuwa mgonjwa wake, mwalimu wa hesabu, aliyeanguka kwenye mteremko mwepesi siku ya jua zuri. Huu ulikuwa mwaka wa pili anajaribu kutaja jina la binti yake. Kinywa chake kilikuwa kikileta neno moja tu, mlango. "Mlango, njoo," husema, na yule mtoto huja. Hilo ndilo lililomuumiza Belma, kwamba mtoto alikwishazoea kuitika.

Basi akamnunulia Nihad helmeti nyeusi. Ndani yake akaandika kwa kalamu ya wino mzito jina lake, kundi lake la damu na namba ya simu ya Belma mwenyewe. Vita vikaanza, tena si na Nihad peke yake. Mama yake, Bi Hajrija, alisikia habari hizo akashika kifua. Helmeti inatoa jasho! Jasho likikutana na upepo, ubongo unavimba, mtu anakufa kijana! Katika nyumba ile dirisha halikufunguliwa mlango ukiwa wazi, hata mwezi wa saba. Yeye alikuwa amemfumia mwanawe kofia ya sufu, na hiyo ilitosha. Na tuseme kweli, Belma msomi wetu naye hajawahi kutoka nje na nywele mbichi. Ila sufu haizuii mwamba.

Walibishana wiki mbili, kisha wakakubaliana hivi: kila siku saa tatu asubuhi, kabla hajashuka mara ya kwanza, Nihad atapiga picha juu kileleni, helmeti kichwani, mkanda umefungwa kidevuni, aitume. Akatuma. Siku ya ukungu akatuma, siku ya theluji nzito akatuma, huku amebusu hewa. Belma alikuwa akiitazama picha, anashusha pumzi, anarudi kwa Samir.

Picha zilipofika arobaini na moja, Nihad alisema, "Belma, nataka mama na ami waje kwenu Jumapili." Belma alijua wanakuja kufanya nini. Usiku huo alicheka peke yake hadi mama yake akauliza kulikoni.

Jumamosi akaamua kumshtukiza. Alioka pita ya mchicha, akavaa koti jipya jeupe, akapanda basi hadi Bjelašnica, kisha viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, hadi juu, ameikumbatia sinia yake iliyofungwa taulo. Kileleni kulikuwa na kibanda cha chai na supu. Mwenyewe, mzee mmoja mnene mwenye masharubu, aliitwa na kila mtu Ami Avdo.

"Karibu mwanangu, funga mlango, upepo!"

Belma akafunga. Na nyuma ya mlango huo, kwenye msumari, akaiona helmeti nyeusi. Chini yake ilining'inia kofia ya sufu ya kijivu. Akaigeuza helmeti akatazama ndani. Mwandiko wake mwenyewe ukamtazama.

"Kuna mtu kaisahau hii, ami?"

"Hiyo?" Ami Avdo alicheka hadi masharubu yakatikisika. "Hiyo ni helmeti ya picha. Ya Nihad, mkufunzi. Ana mchumba mkali, jamani! Basi kila asubuhi anakuja, anaivaa, anapiga picha, anaitundika, anakwenda zake. Siku hizi na wenzake wanaiazima, wale wenye wake wakali. Ni mali ya umma sasa." Akajifuta machozi ya kicheko. "Nikuletee chai?"

"Hapana," Belma alisema. "Huyo mchumba ni mimi."

Mzee alikosa pa kutazama. Mlango ukafunguka, akaingia Nihad, kichwa wazi, theluji kwenye nywele, mashavu yamewaka, mzuri ajabu. Uzuri huo ulimuudhi Belma kuliko kitu kingine chochote. Nihad alimwona yeye, akaona alichoshika, akaacha mdomo wazi.

"Roho yangu..."

"Pita ya mchicha hiyo. Kuleni na wenzio."

Akapita pembeni yake, akashuka kwa viti vya kamba.

Simu ililia mara tisa ndani ya basi. Ya kumi akaipokea.

"Belma, nisikilize. Mbona unalikuza jambo? Si mzima mimi? Nimeanguka? Sijaanguka!"

"Picha arobaini na kitu, Nihad."

"Najua nimekosea, lakini..."

"Kila asubuhi namwacha mgonjwa nusu neno, natazama simu, nashusha pumzi. Nilikuwa nashusha pumzi ya nini? Unaniona mjinga kiasi gani? Mpaka Ami Avdo anajua! Mpaka wenzako wanaiazima!"

"Waliazima mara mbili tu."

"Ala!"

"Sawa, mara nne. Belma, nimwambie mama asije kesho?"

Belma alifumba macho. Nyumbani mama yake alikuwa amefua mapazia yote. Baklava, vitamutamu vya kokwa, ilikuwa imekaa kwenye shira tangu jana. Baba alikuwa amenyoa. Alitaka kusema ndiyo, mwambie asije, lakini akawaona wale wazee wawili na furaha yao, akashindwa.

"Waje," alisema, akakata.

Wakaja. Viatu vikavuliwa mlangoni, ndala zikagawanywa, kila mmoja akamsifu mwenzake afya. Nihad alikuwa na suti ya bluu na tai iliyomkaba. Hakuinua macho. Belma, katika gauni la kijani alilokuwa amelishona kwa siku hii, alimimina kahawa kikombe baada ya kikombe bila kumwaga tone. Ami wa Nihad akakohoa aanze maneno yake, lakini Bi Hajrija hakuweza kungoja.

"Mimi nasema tu, huyu ni mtoto mtiifu. Msimu mzima hajateleza hata siku moja bila kofia niliyomfumia kwa mikono hii. Hata siku moja!"

Belma akatua birika la kahawa.

"Ya sufu, mama? Ya kijivu?"

"Hiyohiyo, mwanangu."

"Iko kwa Ami Avdo, nyuma ya mlango. Msumari mmoja na helmeti yangu."

Bi Hajrija alimgeukia mwanawe polepole.

"Nihad. Unateleza kichwa kitupu?"

"Mama..."

"Kichwa kitupu! Na jasho lote lile! Na ule upepo!" Akavua ndala moja. Ami wa Nihad akamshika mkono. Mama wa Belma akaleta maji. Baba wa Belma, kwa kukosa la kufanya, akala baklava mbili mfululizo.

"Kwa nini?" Belma aliuliza. Alikuwa amesimama katikati ya sebule. "Usiniambie samahani. Niambie kwa nini."

Nihad aliinua uso. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu.

"Kwa sababu nimechoka kuvalishwa. Asubuhi mama ananivalisha mlangoni. Saa tatu wewe unanivalisha kwa simu. Nikishuka ule mlima ni dakika nne tu, Belma. Dakika nne siko chini ya mtu. Ndiyo hiyo sababu. Najua ni ya kipuuzi."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ungeniacha."

"Ningekugombeza! Kugombezwa na kuachwa ni kitu kimoja kwenu?"

"Basi nitaivaa. Wallahi, kuanzia kesho, kwa ajili yako..."

"Si kwa ajili yangu!" Sasa machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Kichwa ni chako. Ukikipasua, ni wewe utakayemwita mtoto wetu mlango. Mimi nitafanya nini? Nitakaa mbele yako na kadi za picha kama ninavyokaa mbele ya watu wa watu? Na hata hilo ningeliweza. Nisiloliweza ni kuishi na mtu nisiyejua ni lini anasema kweli."

Belma alimgeukia Bi Hajrija, akainama akambusu mkono.

"Mama, nisamehe. Leo sina jibu."

Wageni waliondoka na baklava kwenye kisahani. Mlangoni Bi Hajrija alimshika Belma shavu, akatikisa kichwa. Nihad alifunga kamba za viatu vyake kwa muda mrefu mno.

Siku kumi na nne hakupiga. Belma alikasirika kwamba hapigi, kisha akakasirika kwamba anangoja apige. Saa tatu ikifika, mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Samir alilitambua hilo. Alimwonyesha simu kwa kidole, akauliza kwa macho, na Belma akamwambia, "Tuendelee na kazi."

Siku ya kumi na tano simu ikalia. Saa tatu na dakika tano. Belma akatoka koridoni.

"Ni mimi."

"Naona."

"Niko juu. Picha sitatuma."

"Sijakuomba picha."

"Nataka kukuambia tu ilivyo." Upepo ulivuma kwenye simu, na Nihad akapumua kwanza. "Nimeichukua kwa Ami Avdo wiki iliyopita. Leo nimeivaa. Juzi niliivaa. Jana sikuivaa."

"Umesemaje?"

"Jana sikuivaa. Jua lilikuwa zuri, hapakuwa na mtu mlimani, nikaiacha. Nilipofika chini nikajiona punguani. Ningeweza kukuambia niliivaa, usingejua kamwe."

Belma aliegemea ukuta. Muuguzi alipita na toroli la dawa, akamtazama, akaongeza mwendo.

"Jana? Baada ya yote yale, jana? Una akili wewe? Jua zuri! Samir alianguka siku gani, ya mvua? Unajua nilivyolala wiki hizi mbili? Unajua?"

"Sijui. Niambie."

"Nitakuambia! Mwambie mama yako aje Jumapili, na hiyo helmeti uje nayo umeivaa kichwani ndani ya tramu watu wakucheke, lakini kwanza tulia hapohapo nikuambie!"

"Nimetulia," Nihad alisema.

Alimgombeza dakika kumi nzima, kwa sauti iliyofika hadi wodi ya jirani, na Nihad hakukata simu.