Waya Uliochomekwa Mapema

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni duka. Mna meza ndefu, kompyuta ya zamani, rafu ya rimu za karatasi, na mlango unaofunguka moja kwa moja mtaani. Binti yangu huwachapia watu barua na kuwatolea kopi. Mimi hukaa karibu na mlango na sindano yangu, nashona vifungo vya watu, na kwa kuwa kila anayeingia lazima anisalimie kwanza, wateja wananitania kuwa mimi ndiye bawabu.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyo, ana jina lake zuri la shuleni, lakini hapa mtaani anaitwa Cheche, maana hatulii. Kila siku akirudi shule alikuwa akivua sare, akaitundika kwenye msumari, akala upesi, kisha akakimbilia dukani. Kazi yake ilikuwa karatasi. Alifungua rimu, akaipepea kwa vidole ili karatasi zisigandane, akaigonga mezani upande huu na upande ule mpaka ikae sawa, ndipo akaiweka kwenye printa. Hakuna aliyeifanya kazi hiyo vizuri kama yeye, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi sote.

Wateja wakipungua, mama yake alimruhusu kukaa kwenye kiti cha kompyuta na kuchapa maneno machache. Kiti kile ni kifupi, kwa hiyo nilimshonea mto wa viraka wa kukalia. Akiwa juu ya mto ule, Cheche alijiona meneja.

Kisha akaja Twiga.

Twiga naye ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mdogo. Mama yake alipata kazi mbali, tukakubaliana mtoto akae nasi mpaka amalize shule ya msingi. Tulimwita Twiga kwa sababu ya urefu wake, naye alicheka tu. Amempita Cheche kwa mwaka mmoja. Ni mtoto mkimya, hafanyi jambo kwa pupa, na kule alikotoka shule yao ilikuwa na chumba cha kompyuta. Siku moja kompyuta yetu iligoma, na binti yangu akawa anaipiga kofi ubavuni kama kawaida yake. Twiga akamwomba kwa heshima, "Mama mkubwa, naweza kujaribu?" Akabonyeza hapa, akasubiri, akabonyeza pale, na kompyuta ikaamka.

Tangu siku hiyo maneno ya dukani yakabadilika. Ikawa ngoja Twiga aje, muulizeni Twiga, Twiga atajua. Cheche aliyasikia yote huku akipepea karatasi, na nilimwona akizipepea kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Kilichomuuma zaidi ni mto. Twiga hakuuhitaji, kwa vile magoti yake yalikuwa tayari yanagonga meza. Basi binti yangu akauondoa kitini akauweka juu ya rafu. Hakuwa na nia mbaya, aliuweka tu pembeni. Lakini Cheche aliutazama mto ule kama mtu anayetazama vitu vyake vimetolewa nje. Nilipomwambia amwite mwenzake dada, kama ilivyo adabu, alisema "sawa, bibi", kisha akaendelea kumwita "wewe".

Printa yetu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa ikila karatasi kama mbuzi, na mwishowe ikafa kabisa. Binti yangu akajibana, akanunua mpya. Ilifika ikiwa kwenye boksi wakati mbaya, au tuseme wakati mzuri, kwa maana mwalimu wa chuo cha ushonaji alikuwa ametuletea kazi ya vyeti vya wanafunzi wake. Sherehe yao ilikuwa Jumamosi hiyohiyo jioni. Binti yangu aliitaka sana kazi ile. Alijua chuo kikiridhika, kitarudi na kazi nyingine, na kisiporidhika, kuna duka jipya la uchapaji ng'ambo ya barabara.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi binti yangu alitaka kwenda kutafuta karatasi ngumu za vyeti. Akasimama mlangoni na kikapu chake akasema, "Twiga, ifunge hiyo printa kwenye kompyuta. Soma maelezo kwanza. Cheche, msaidie mwenzako."

Msaidie mwenzako. Cheche aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilimwingia kama mwiba. Duka ni la mama yake, karatasi alizipepea yeye kabla huyo mwingine hajafika, halafu leo ndiye msaidizi.

Twiga alitoa printa kwenye boksi, akakunjua karatasi ya maelezo, akaanza kuisoma tangu juu kabisa huku akifuata mistari kwa kidole. Cheche akamwuliza kama anasoma au anahesabu mchwa. Twiga alimwonyesha waya wa USB, ambao ncha yake moja ni bapa na huingia kwenye kompyuta, na ncha ya pili ni ya mraba na huingia kwenye printa. Lakini tundu la printa lilikuwa limefunikwa na kibandiko cha rangi ya chungwa.

Twiga alimweleza kuwa kibandiko kile kimewekwa makusudi. Kwanza kompyuta ipewe sidii yenye programu ya printa, isome mpaka ifike mahali pa kuomba waya. Hapo ndipo kibandiko kinatolewa na waya unachomekwa. Ukichomeka mapema, kompyuta inakutana na kitu ambacho bado haijakijua.

"Waya ni waya," Cheche akasema.

"Si kwa printa hii," Twiga akajibu, akaweka sidii ndani.

Kompyuta yetu ni ya zamani, na mstari wa kuonyesha kazi inavyoendelea ulikuwa ukitambaa kwa uvivu. Nikiwa mlangoni, uzi ulinikatalia kuingia kwenye tundu la sindano, nikamwita Twiga aje anisaidie, kwa sababu macho yake ni mazuri na mikono yake haitetemeki. Akaja, akanitungia uzi, nami nikamwomba anitungie sindano nyingine mbili kwa akiba. Hata hilo Cheche aliliona. Bibi naye, akawaza, siku hizi anamwita yeye.

Alibaki peke yake mbele ya printa. Akafikiri, mama akirudi akakuta printa inafanya kazi, na akaambiwa ni Cheche aliyeifunga, mto utarudi kitini leo hii. Akabandua kibandiko, akasukuma ncha ya mraba kwenye printa na ncha bapa kwenye kompyuta, akawasha. Kompyuta ikalia mlio mfupi. Maneno yakatokea kwenye kioo yakisema kuna kitu kimechomekwa lakini hakitambuliki. Cheche akashtuka, akabonyeza chochote ili maneno yaondoke. Yakaondoka. Akachomoa waya, akazima printa, akakilamba kibandiko ili kishike, akakirudisha. Kilikaa kimepinda.

Twiga aliporudi hakuona tofauti. Kompyuta ilipoomba waya, alitoa kibandiko, akachomeka, akawasha printa, akasubiri. Hakikutokea kitu. Akachomoa, akachomeka tena. Kompyuta ikasema maneno yaleyale ya kutotambua. Akajaribu tundu lingine la kompyuta, akarudi la kwanza. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyowakuta. Alikuwa ametoka juani, amebeba karatasi ngumu kwa mikono miwili zisije zikakunjika, na saa ya vyeti ilikuwa inakaribia. Akauliza kulikoni. Twiga akasema hajui. Akamwuliza kama alisoma maelezo. Akasema alisoma yote.

"Ungesoma yote ingefanya kazi," binti yangu akasema. "Nimekuamini bure. Kuanzia leo usiguse mashine za hapa mpaka nikuambie. Cheche, njoo ukae wewe hapa, angalau wewe nakujua."

Akaushusha mto kutoka kwenye rafu, akaupiga vumbi, akauweka kitini. Kisha akatoka nje na simu yake kumpigia mwalimu wa ushonaji, amwambie atafute duka lingine.

Cheche akakaa juu ya mto wake. Alikuwa amepata kila alichokitaka, kiti, mto, na sauti ya mama yake ikimwita yeye. Nilitegemea kumwona akitabasamu. Badala yake alikaa kama mtu aliyekalia maji.

Twiga alikuja kukaa sakafuni miguuni pangu. Hakulia. Alikunjua ile karatasi ya maelezo akaanza tena tangu juu, kidole chake kikifuata mistari. Alipofika katikati akainua kichwa.

"Mdogo wangu," akamwambia Cheche, "hebu nikumbushe. Nilichomeka waya kwanza au niliwasha printa kwanza? Natafuta nilipokosea, sipaoni."

Cheche alikuwa akivutavuta uzi wa kiraka kimoja cha mto.

"Nikipajua, nitamweleza mama mkubwa," Twiga akaendelea, "hata kama hatanirudishia kazi. Ili tu asidhani sikusoma."

"Hukukosea," Cheche akasema.

"Lazima nimekosea mahali."

"Hukukosea, dada. Ni mimi. Niliuchomeka waya ulipokwenda kumtungia bibi uzi."

Sindano yangu ilisimama hewani. Binti yangu naye alikuwa amefika mlangoni, simu mkononi, na alisikia. Alifungua mdomo, nami nikamwonyesha kwa kiganja angoje. Watoto walikuwa hawajamaliza.

"Ungeniambia mapema," Twiga akasema. "Nimejiona mjinga hapa, mbele ya kila mtu." Cheche akainamisha kichwa, akasema anajua. Akaeleza yote, kibandiko, ule mlio, maneno aliyoyafuta bila kuyasoma, na kwamba aliona wivu tangu siku mto ulipowekwa kwenye rafu.

Ndipo uso wa Twiga ukabadilika, si kwa hasira. Akasimama. Akamwuliza kama programu ilikuwa bado haijaisha alipochomeka. Cheche akasema bado. Twiga akamgeukia binti yangu. "Basi dawa yake ipo, mama mkubwa. Kompyuta iliikuta printa kabla haijafundishwa ni kitu gani, ikaiandikisha kama kitu isichokijua. Sasa kila tukiichomeka inatupa jibu lilelile. Tuifutie hilo, tuanze upya. Bila kujua hivyo, ningeweza kuhangaika mpaka kesho."

Mwalimu wa ushonaji alikuwa hajapokea simu, na huo ulikuwa mlango wetu wa mwisho. Binti yangu akasema kwa sauti ya chini, "Fanyeni."

Twiga akachomoa waya. Akakitafuta ndani ya kompyuta kile kitu kisichojulikana, akakifuta, akaizima, akaiwasha, akaweka sidii tena. Mstari ukaanza kutambaa. Cheche aliikalia mikono yake mwenyewe ili isitangulie. Kompyuta ilipoomba waya, Twiga hakuuchukua yeye. Aliuweka kwenye kiganja cha mwenzake.

"Chomeka," akasema.

Cheche alitazama ncha ya mraba, pembe zake mbili zilizokatwa zikielekea juu, akausukuma taratibu mpaka ukashika. Printa ikawaka, ikanguruma, ikavuta karatasi, ikaitoa ikiwa na maandishi safi kabisa. Binti yangu aliinua karatasi ile akaitazama kama picha ya mtoto mchanga.

Kazi ya karatasi ngumu si ya kila mtu, maana hugandana vibaya. Cheche alizipepea, akazigonga mezani, akazipanga, na hakuna hata moja iliyokwama. Mwalimu wa ushonaji alipofika, vyeti vya mwisho vilikuwa vimetandazwa mezani vikikauka wino. Alivisoma majina kimoja kimoja, akasema tutaonana mwakani, akaondoka na boksi la vyeti kwapani.

Duka lilipotulia, binti yangu aliwaita wote wawili. Alianza na Twiga, akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla ya kuuliza. Kisha akamgeukia Cheche.

"Mwanangu, kiti hakikuchukuliwa. Nilipata mkono mwingine wa kunisaidia, nikasahau kukuambia kuwa wako bado nauhitaji. Hilo ni kosa langu. Lakini tazama wivu ulivyokufanya. Ulitaka kuwa wa kwanza, ukaharibu kazi. Ukanyamaza, mwenzako akabeba lawama isiyo yake. Na mashine ilikuwa haitengenezeki mpaka mtu aseme ukweli wa kilichotokea. Ungeendelea kunyamaza, sote tungekosa, wewe ukiwemo. Ukiona wivu, njoo uniambie. Mimi ni mama yako, nitakusikiliza. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Cheche akaitikia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, mto ukae wapi sasa.

Tulileta stuli kutoka jikoni, tukauweka mto juu yake, kando ya kiti cha Twiga. Ikawa Cheche amekaa juu kuliko dada yake, jambo lililomfurahisha kupita kiasi. Siku hizi mmoja anachapa, mwingine anapanga karatasi, kisha wanabadilishana. Wanagombana pia, nisidanganye, lakini wanagombana kama ndugu.

Kile kibandiko cha rangi ya chungwa hakikutupwa. Cheche alikibandika mwenyewe ukingoni mwa meza, mahali ambapo mkono wake hupita kila ukitaka kutangulia kichwa. Bado kipo pale, kimepinda vilevile.