Nyumba Tuliyoihamisha kutoka Ngluwak

Siku tuliyokwenda kuifungua nyumba ya Bibi Paikem ilikuwa siku nzuri. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka manjano, bata walikuwa wakitafuta konokono kwenye mifereji, na dada yangu Murtini, aliyefuatana nasi, alikuwa ametufungia wali kwenye majani ya mgomba, sisi wanaume sita. Mumewe, shemeji yangu Karyadi, aliimba njia nzima. Alikuwa amekaa Kalimantan, ng'ambo ya bahari, miaka kumi na mmoja akikata mikungu ya michikichi, na muda wote huo aliota jambo moja: kurudi kijijini kwetu Karangsengon aishi kwenye nyumba ya mbao za mtiki, yenye nguzo nne nene katikati, kama za babu zetu. Kujenga mpya asingeweza, mitiki mikubwa imekwisha. Akafanya wanavyofanya watu wa kwetu: akanunua ya zamani kutoka kijiji kingine, tuifungue kipande kwa kipande na kuihamisha kwa lori.

Mimi ni seremala. Kuandika namba za chaki kwenye kila ubao ilikuwa kazi yangu.

Muuzaji, Sugondo wa Ngluwak, hakutuambia kwamba shangazi yake bado alikuwa anaishi humo. Tulimkuta kwenye chumba cha kati, kile chumba chenye giza cha kuwekea mpunga wa mbegu. Alikuwa anafagia. Kabibi kadogo, mgongo umepinda, midomo myekundu kwa tambuu.

"Shangazi, toka basi, watu wafanye kazi yao," Sugondo alisema. "Si nimekwambia utakaa kwangu?"

Bibi alisimamisha ufagio. Alimgeukia Karyadi.

"Mwanangu, mlango wa nyuma mtauelekeza wapi?"

"Bibi, hata choo sijajua nitakiweka wapi!" Karyadi alicheka.

"Uelekezeni kusini, kama hapa. Nimeshazoea. Sitaki kupotea."

Tulicheka sote, isipokuwa Murtini. Alimshika bibi mkono, akamtoa nje taratibu. Baadaye aliniambia mkono ule ulikuwa wa baridi kama samaki.

Tuliifungua na kuipakia, tukaondoka kesho yake saa sita mchana. Njia inapita katikati ya msitu wa mitiki, na saa ile hata nyenze walikuwa wamenyamaza. Kwenye mlima lori lilianza kulemewa. Dereva, Mzee Tugiran, alisimamisha, akatazama kioo cha pembeni.

"Wagino," aliniita kwa sauti ya chini. "Huko nyuma amepanda nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Mbao tu."

"Haya."

Akatia gia. Ila tulipofika na kushusha, juu kabisa ya mzigo, kwenye ubao wa mwisho, palikuwa na mate mekundu ya tambuu. Hayajakauka.

Tuliisimamisha kwa siku tisa. Karyadi, kusema kweli, alikumbuka maneno ya bibi. "Tuuweke kusini, Wagino? Tumfurahishe mzee wa watu?" Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kisima kiko kaskazini, nani atakuwa anaizunguka nyumba nzima kufuata maji? Mlango wa nyuma tukaufungulia kaskazini. Siku ya karamu ya kuhamia, wakati majirani wanakula wali wa manjano, mchuuzi wa mboga kutoka Ngluwak alituletea habari kwamba Bibi Paikem alifariki siku ileile tuliyoichukua nyumba. Saa sita mchana, kwenye kibaraza cha Sugondo, akiwa amekaa kitako na macho wazi.

Wiki ya pili tukaanza kusikia kufagia.

Ni mchana, jua limewaka, sote tuko nje tunaanika mihogo. Ndani ya chumba cha kati, ufagio. Shwaa. Shwaa. Kisha nyayo ndogo, zinakwenda hadi ukuta wa kusini. Zinasimama. Viganja vinapapasa mbao. Kisha zinarudi.

"Bibi anatafuta mlango," alisema Ratri, binti yao wa miaka sita, kama anayesema mvua inanyesha.

Murtini alitaka tuibomoe wiki ileile. Karyadi hakutaka kusikia. "Miaka kumi na mmoja ya jasho langu, mke wangu! Leo niikimbie kwa sababu ya panya?" Lakini nilimwona alivyokuwa akiongea. Alikuwa amekigeuzia chumba kile mgongo.

Halafu yeye mwenyewe akaanza kupotea.

Mara ya kwanza tulicheka. Alisimama katikati ya nyumba, asubuhi, akauliza mlango uko wapi. Mlango ulikuwa mbele yake, wazi, kuku wanapita. Murtini alimshika mkono akamtoa. Siku ya tatu alizunguka nguzo mpaka adhuhuri akiamini anakwenda kisimani. Akitoka nje anakuwa mzima, anatania watu. Akiingia, macho yanakuwa kama ya mtu aliye kwenye ukungu. Nilimsihi alale kwangu.

"Nikilala kwako, nyumba nimemwachia nani?" alinijibu. Kisha akanong'ona, "Wagino, humo ndani ni pakubwa. Nyie hamjui tu."

Alhamisi iliyofuata aliingia chumba cha kati kuchukua jembe. Murtini alikuwa mlangoni, amembeba Ratri. Chumba kile ni hatua tatu kwa tatu. Hakina dirisha.

Hakutoka.

Murtini alichungulia. Jembe lilikuwepo. Mtu hakuwepo.

Alipiga ukunga, tukaja mbio. Tukamsikia. Sote tulimsikia. Alikuwa akiita jina la mke wake, kwa mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Sauti ilikuwa ikitoka chumbani mle mle.

Nilichukua nyundo. Tulizing'oa mbao zote, moja moja, kwa namba zangu za chaki. Tulishusha vigae. Tulilaza nguzo. Kufikia jua kuzama palikuwa na kiwanja kitupu na rundo la mbao, na Karyadi hakuwemo. Sauti nayo ikawa imekatika.

"Isimamisheni tena," Murtini alisema. "Mlango kusini. Atatokaje kama hakuna nyumba?"

Tuliisimamisha kwa siku nne, hatukulala. Siku ya tano, saa sita mchana, nyayo ndogo zilitoka chumba cha kati, zikapita katikati yetu, zikatoka kwa mlango wa kusini. Kuku walitawanyika kuzipisha. Kufagia hatujakusikia tena tangu hapo.

Tukasubiri nyayo za pili. Mpaka giza likaingia. Mpaka kesho yake. Sasa ni mwaka wa tatu.

Bibi alipata njia yake. Shemeji yangu hakuipata, na niliyeuhamisha mlango ni mimi. Tuliwaleta mashehe, tulimleta mganga mmoja mzee kutoka pwani. Huyo alikaa chumbani dakika chache, akatoka, akakataa hata chai. "Yuko mbali mno," ndilo neno lake pekee. Ratri anakaa kwa nyanya yake mjini. Murtini hataki kuondoka. Anakaa kizingitini kutwa nzima na kuliita jina la mumewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita chakulani. Amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Mimi humpelekea chakula, na mara nyingi hukikuta cha jana hakijaguswa.

Wiki iliyopita alinionyesha ukuta wa chumba cha kati, upande wa ndani. Mbao zina alama za viganja vya jasho, vikubwa, vya mwanaume. Zimeanza usawa wa kiuno, zikapanda usawa wa kichwa, zikazidi kupanda. Nilikwenda kuleta ngazi. Za mwisho ziko chini ya vigae kabisa, mahali ambapo hakuna pa kukanyaga wala pa kushika.

Nilizigusa. Zilikuwa mbichi, na zina joto.