Mtazamaji Mmoja

Kabla Zubeda hajawasha kamera, kabla hata hajakaa vizuri kitini, kompyuta ilikuwa imeshaandika kwamba kuna mtu mmoja anatazama.

Alidhani ni hitilafu. Ilikuwa wiki yake ya kwanza, mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa, na kila kitu chumbani mle kilikuwa kigeni kwake. Kituo chenyewe cha televisheni kilikuwa na miaka minne tu. Kilikuwa kimepanga jumba la ghorofa Mbezi Beach, lililokaa tupu miaka mingi kabla yao, na mwenye kituo, Bwana Mufaddal, alikuwa amerudi safari na wazo lililowachekesha wafanyakazi wake: kufungua chaneli ya pili, ya habari tupu, itakayopita kwenye mtandao wa kompyuta badala ya hewani, ili Watanzania walioko Masqat, London na Toronto wapate kusikia ya nyumbani. Watangazaji wenye majina waliikataa. Nani akae mbele ya kamera ndogo kama kiberiti, awasomee watu asiojua kama wapo? Kazi ikamwangukia Zubeda, mpiga chapa wa chumba cha habari.

"Una sauti nzuri, Bi Zubeda," Bwana Mufaddal alimwambia. "Saa saba mchana, dakika kumi na tano. Ukimaliza, nenda zako nyumbani."

Nyumbani kwenyewe kulikuwa Chang'ombe, na hakukuwa na mtu. Mumewe, Twalib, aliondoka kwenda Masqat mwaka tisini na mbili kutafuta maisha. Aliandika barua mbili, halafu kimya. Hakutoa talaka, hakumwita amfuate, na wala haikuja habari ya kifo. Mama mkwe alifariki, mawifi wakaolewa mbali, na Zubeda akabaki na vyumba vitatu na sufuria moja ndogo. Siku nyingine alirudi kutoka kazini Ijumaa akatoka tena Jumatatu bila kufungua kinywa chake kusema neno lolote.

Kwa hiyo chumba kile hakikumtisha. Kilikuwa ghorofani, upande wa nyuma, dirisha lake limefunikwa blanketi ili kelele za nje zisiingie. Alivaa hedifoni, akawasha kamera, akasoma. Na kila siku, chini ya picha yake, ile namba ilikuwa moja. Haikuwa sifuri hata mara moja. Haikufika mbili.

Wiki ya pili yule mtu aliandika. Palikuwa na nafasi ya watazamaji kutuma maneno, na katikati ya habari za mafuriko ya Rufiji, maneno yakatokea pale taratibu, herufi moja moja.

*Jana ulivaa hereni. Leo mbona hukuvaa?*

Zubeda alijishika sikio. Akajikuta anatabasamu, akapoteza mstari aliokuwa anausoma. Kesho yake alivaa hereni.

Ikawa ndiyo desturi yao. *Kanga hii imekukaa. Geuza uso kidogo, kushoto. Umelala vibaya, macho yanaonyesha.* Naye alijibu kwa kuandika, haraka haraka, akichelea Albano, fundi wa mitambo, asije akapanda ngazi akamkuta. Aliuliza: Uko wapi? Jibu lilikuwa *Karibu.* Aliuliza: Nani mwenzangu? Siku hiyo hakujibiwa mpaka alipokuwa anakaribia kuzima.

*Zubi, umekonda.*

Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita Zubi, tena chumbani, taa zimezimwa. Alilia pale pale mbele ya kamera, akifuta machozi kwa pembe ya mtandio, na ile namba moja ikimtazama.

Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Akaanza kutoka Chang'ombe mapema, ameoga, amejifukiza udi, na kuchelewa kurudi. Maana yule mtu sasa alikuwa anaomba jambo jingine. *Usisome habari. Kaa tu nikuone.* Naye alikaa. Dakika kumi na tano zikawa saa nzima, saa ikawa mbili, ameikazia macho kamera bila kupepesa, na kila alipotaka kuinuka maneno yalikuja: *Bado.* Chakula kilimshinda. Vidole vilimkonda mpaka pete ya ndoa ikawa inadondoka, akaifunga uzi.

Kulikuwa na harufu pia. Mwanzo ilikuwa marashi ya waridi, akadhani ni nguo zake mwenyewe. Siku zilivyokwenda ile harufu ya waridi ikageuka, ikawa kama ya maua yaliyooza ndani ya maji ya chupa. Na kwenye hedifoni, ambazo hazikuwa na kazi ya kuleta sauti ya mtazamaji yeyote, alianza kusikia mtu anameza mate.

Masika yalipokolea, mchana mmoja wa jua baada ya mvua za mfululizo, Albano alipanda ngazi kufuata koleo lake. Alikuwa kijana wa Mahenge, mpole, mwenye rozari shingoni. Alimkuta Zubeda ameketi, mgongo umenyooka, midomo inacheza bila sauti.

"Dada Zubeda," alisema. "Dada, unafanya nini?"

"Niko hewani. Shuka chini."

"Hewani wapi?" Albano alicheka kidogo, halafu akaacha. "Si nilimwambia Bwana Mufaddal akupe taarifa? Radi ilipiga mashine ya laini ya simu. Nimeichomoa kwa mkono wangu, iko kwa fundi Kariakoo. Siku ya tisa leo. Dada'ake bosi mwenyewe kapiga simu kutoka Toronto, anasema haoni kitu. Hapa hapatoki picha kwenda popote."

Zubeda aligeuza macho taratibu kuitazama kompyuta. Namba ilikuwa moja. Na chini yake, mbele ya Albano aliyekuwa amesimama na koleo lake mkononi, herufi zilianza kujiandika moja moja, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba hakuna tena sababu ya kujificha, *Mwambie atoke, Zubi, mlango aurudishie*, na papo hapo blanketi la dirishani likavutwa ndani kana kwamba chumba kimevuta pumzi, na ile harufu ya maua yaliyooza ikajaa mpaka Albano akaziba pua, na kwenye hedifoni zilizokuwa shingoni mwa Zubeda wote wawili wakasikia, wazi kabisa, mtu anameza mate, si mbali, si ng'ambo ya bahari yoyote, bali hapo hapo nyuma ya kiti, mahali ambapo yule mwanamke alikuwa amepapa kisogo tangu siku ya kwanza.

Albano alimbeba. Alishuka naye ngazi anasali kwa sauti, na baadaye alisema uzito wake ulikuwa kama wa mtoto wa miaka kumi.

"Mie Mkristo, bosi," alimwambia Bwana Mufaddal pale uani. "Lakini ishu hii si ya hospitali. Tutafute mtu anayeyajua mambo haya."

Bwana Mufaddal hakubisha. Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, akaletwa Maalim Suleiman kutoka Buguruni, mzee mfupi mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi. Alimkalisha Zubeda kwenye mkeka chumbani mle mle, akamsikiliza kisa chake chote, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Kisha kinywa cha Zubeda kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, nzito, ya mtu asiyezoea kusema.

"Mie sikumfuata."

"Umemfanya nini basi?" Maalim aliuliza.

"Nyumba ilikuwa tupu. Miaka yote nilikuwa peke yangu humu. Akaja akakaa, akanikazia macho kila siku. Kwetu mwanamke akikutazama hivyo, amekukubali."

"Alikuwa anaitazama mashine."

"Alikuwa anatafuta mtu. Nilikuwepo."

Albano, mlangoni, alishika rozari yake. Maalim alikohoa, akafuta mdomo.

"Hilo jina la Zubi, analomwita mumewe, ulilitoa wapi?"

"Analitaja usingizini. Nyumbani kwake nishafika."

Mzee akasoma tena, kwa ukali safari hii, akimtia maji ya kombe usoni, mpaka ile sauti ikasema kwamba itaondoka, lakini ifukuzwe na mwenyewe, si na mgeni. Maalim akainama sikioni mwa Zubeda.

"Mwanangu, sema: Ondoka, sikutaki. Mara tatu."

Alisema ya kwanza. Ya pili aliisema huku analia. Kabla ya ya tatu aliizungusha ile pete yenye uzi kidoleni, akaizungusha tena na tena, mpaka Bwana Mufaddal akaanza kuhangaika huko kwenye ngazi. Ndipo akaitamka, polepole, akiangalia sakafu. Blanketi lilianguka kutoka dirishani. Jua likaingia chumbani, na harufu ikaisha.

"Sasa sikiliza," Maalim alimwambia akimsindikiza kwenye gari. "Atajaribu kurudi. Siku saba, ukisikia unaitwa jina lako na humwoni anayekuita, usiitike. Hata ukiijua sauti. Ukiitika umemkaribisha, na mie sina dawa ya mara ya pili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Maalim."

"Una mtu wa kukaa naye?"

"Ninaye," Zubeda alisema.

Bwana Mufaddal aliifunga chaneli ile na kumpa mapumziko. Siku ya kwanza Zubeda alikaa ndani, mlango ameukomea, vidole karibu na masikio. Hakuitwa. Siku ya pili alikwenda sokoni. Muuza nyanya alimpimia fungu bila kumtazama usoni. Siku ya tatu alikaa barazani tangu asubuhi mpaka alasiri. Majirani wapya walipita, wakasalimiana wenyewe kwa wenyewe, wakaenda zao. Siku ya nne, ya tano. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na hakukuwa na mtu wala jini aliyelitaja jina lake. Siku ya sita alijikuta amesimama katikati ya ua, ametega sikio.

Siku ya saba, alasiri, alikuwa jikoni anachambua mchele wa kula yeye peke yake. Jua lilikuwa bado kali, na watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira nyuma ya ukuta. Kutoka chumba cha kulala, ambacho alikuwa amekifunga kwa ufunguo, ikaja sauti ya Twalib, ya upole, kama ya mtu aliyeamka usingizini.

"Zubi."

Alijua si Twalib. Alijua vizuri kabisa, na maneno ya Maalim aliyakumbuka yote, moja moja. Aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatengeneza nywele zake kwa kiganja.

"Abee," aliitika.

Na akaenda kufungua mlango.