Neno Aliloniita Nehemia Barazani

Wallahi, wasomaji wangu, hii ni kweli tupu. Ile ya pweza aliyeniibia baiskeli niliinogesha kidogo. Hii sijaitia hata chumvi ya kuonjea.

Nehemia alinimaliza mchana kweupe, hapa hapa Mabawa, tukicheza drafti barazani.

"Kombo has dementia," akawaambia watu.

Wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda...

Nyumbani nikamuuliza binti yangu Tausi maana ya neno hilo.

"Baba, huo ni ugonjwa wa ubongo. Kusahau, kupotewa na akili. Nani kaambiwa hivyo?"

"Mtu mmoja tu."

Nehemia, yule muuguzi mstaafu, nimemfundisha drafti mimi mwenyewe. Nimemzidi miaka tisa, kila asubuhi huniamkia shikamoo. Leo ananizika kwa Kiingereza, na mimi nashangilia!

Nikaenda kwa Hasina, muuza karanga, nikanunua kamusi chakavu ya kidaktari. Nikajifungia nayo wiki tatu.

Nikarudi barazani.

"Nehemia, hiyo hasira yako inatoka kwenye amygdala. Kidude cha ubongoni, kama lozi."

Nikamwonyesha kikombe chake.

"Na kahawa unaimwaga kwa kuwa cerebellum yako imelegea. Ndiyo inayoshika mizani ya mwili. Hippocampus, ya kumbukumbu, ndiyo imekufa kabisa. Umesahau hata nani alikufundisha drafti."

Akaweka kikombe chini.

"Haya. Neno moja la ubongo. Ukilijua, nakuomba radhi mbele ya hawa. Ukishindwa, au ukidanganya, maana nakujua, utaniamkia mimi shikamoo kila asubuhi."

"Nikuamkie wewe?"

"Unaogopa?"

"Uliza, mtoto wewe."

"Thalamus."

Jamani... jasho likanitoka mpaka kofia ikalowa.

"Thalamus," nikasema polepole, "ndiyo Horohoro ya ubongo. Habari za macho na masikio zinasimamishwa pale mpakani, zinakaguliwa mizigo, ndipo zinaruhusiwa kupita."

Nehemia akanitazama. Hakubisha.

"Umelisoma wapi?"

"Kwenye kamusi yangu. Ukurasa wa mia tano na mbili."

Hasina alikuwa anapita na sinia lake. Akasimama.

"Babu Kombo, kamusi ile si iliishia H? Kuanzia I nilikwisha kufungia karanga kabla sijakuuzia."

Baraza zima likaanza kukunjua karatasi za karanga mikononi.

Nehemia peke yake hakucheka.

"Jibu lako lilikuwa sahihi, mzee. Ungesema umebahatisha, ungeshinda. Radhi yako nilikuwa nayo mdomoni."

Ndugu zangu, ukishapata, funga mdomo. Nimetafuta kwenye ubongo kile kiungo cha kumwambia mtu anyamaze, sikukiona. Labda kiko baada ya H.

Leo ni asubuhi ya tisa. Baraza limejaa, hata wasiokunywa kahawa wamekuja.

"Shikamoo, Nehemia."

"Marahaba, Kombo. Umeamkaje, mwanangu?"