Juu ya Lundo la Samadi

Kijiji kizima kilikuwa kinautazama mto Lena, ndiyo maana hakuna aliyeona maji yakiingia kwa nyuma. Barafu ya mto iliyoanza kuvunjika ilikuwa imekwama siku tatu kwenye kona ya chini, vipande vikubwa kama nyumba vimepandana, na maji yaliyokosa njia yakazunguka kupitia malishoni. Nastaa aliyasikia kabla hajayaona, yakibubujika chini ya sakafu ya zizi.

Watoto wake watatu walishapelekwa kilimani jana yake. Yeye alibaki na mama mkwe wake, Ogdo, kwa ajili ya Kuoregei, ng'ombe wao pekee, aliyebakiza siku chache tu kuzaa. Bila maziwa yake, watoto wangekula nini mwaka mzima?

"Boti haiji sasa hivi," Ogdo alisema. "Tumpandishe kwenye samadi."

Lundo lilikuwa nyuma ya zizi, samadi ya majira yote ya baridi, mabonge yaliyoganda kama mawe, limempita mtu kwa urefu. Nastaa aling'oa mlango wa zizi, akauegemeza pale uwe njia. Ng'ombe aliteleza akapiga magoti.

"Mwaga majivu, we mwanamke! Kwato zitashika wapi?"

Nastaa alimwaga ndoo nzima ya majivu ya jiko. Akasukuma kwa bega, Ogdo akavuta kamba, Kuoregei akapanda akihema. Nastaa akavua koti, akamfunika mgongoni.

"Na mimi unanifunika lini?" Ogdo aliuliza. "Mpaka nishike mimba?"

Nastaa alicheka, akamfunga shali yake.

Kufikia mchana maji yalikuwa yanalila lundo kutoka chini. Bonge moja lilichomoka, likaelea, kisha jingine. Nastaa alisukuma vipande vya barafu kwa mti mrefu mpaka viganja vikachanika. Kiu ilipombana, aliinama ateke maji.

"Acha! Hayo yamepita kwenye vyoo vyote vya kijiji. Vunja barafu, ile ya buluu."

Wakaimung'unya. Midomo ya Ogdo nayo ikageuka buluu.

Jua lilikuwa bado juu wakati shemeji yake Nastaa, Basilai, alipofika na boti ya bati.

"Ingieni! Ng'ombe hapana, shemeji. Tutazama sote."

"Mchukue mama. Mimi nibaki nimlinde ng'ombe, urudi."

"Nani atasukuma barafu huko mbele? Peke yangu simfikishi mama."

Ogdo aliitazama tu kamba mkononi mwa Nastaa.

Nastaa aliivua ile kamba shingoni mwa Kuoregei, asije akanaswa. Akalitwaa koti, akamfunika mama mkwe wake, akambeba mpaka kwenye boti. Walipoondoka alisikia kishindo cha maji. Aliiona pua ya ng'ombe ikiogelea nyuma yao, kisha barafu ikapita katikati, hakuiona tena.

Kuoregei alitokea kilimani asubuhi yake, ukingoni mwa msitu, tumbo limelegea, hana ndama. Nastaa alichuchumaa kumkamua, machozi yakimdondoka ndani ya ndoo.

"Nilimwacha, mama."

"Ulimwacha, ndiyo." Ogdo alisema. "Pale juu ya lundo, mimi sikuwa na hakika utamwacha nani."

Ogdo akazunguka upande wa pili wa ng'ombe, akachuchumaa polepole, akaanza kukamua naye.