Msiba Usio na Maiti

Amelia aliporudi kutoka bombani alikuta korosho zote zimekwisha kumenywa. Alikuwa ameziacha kwenye beseni zikingoja kutolewa ile ngozi nyembamba ya ndani, kazi inayomaliza kucha na subira kwa pamoja, na sasa zilikuwa nyeupe pe, nzima, hata moja haijakatika. Ngozi zake zilikuwa zimekusanywa kwenye ungo. Mlango aliufunga mwenyewe kwa kufuli, na ndani hakumwacha mtu ila mtoto wake Rozalia, ambaye hata kusimama alikuwa hajajua.

Mwingine angepiga yowe mtaa mzima ujae. Amelia alikaa kwenye kigoda, akatia punje moja mdomoni, akamshukuru Mungu.

Usimcheke. Kama hujawahi kulea mtoto katika nchi ambayo huna mama, huna shangazi, huna hata mtu wa kumwambia nishikie kidogo bila kuona haya, usimcheke. Yeye na mumewe Celestino walitoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, siku ambayo kijiji chao kilivamiwa na kila mtu akakimbia na kilichokuwa mkononi mwake. Amelia alikuwa na mimba changa. Mama yake, Rozalia mwenyewe, alikuwa amekwenda machamba, kama kwao wanavyoita shamba, na hawakuweza kumngoja. Walivuka kwa mtumbwi hadi Mahurunga, wakalala kwa watu, wakasogea mjini, wakapanga vyumba viwili huku Mtawanya. Celestino akapata kazi ya kubeba magunia kwenye ghala. Amelia akaingia kikundi cha wanawake wabanguaji korosho, na kila siku alirudi na ndoo ya kumenya nyumbani, maana aliyelipwa vizuri ni yule mwenye punje nzima.

Kabla mtoto hajazaliwa ilikuja habari. Mtu wa kwao aliyevuka baadaye alisema ameona nyumba ya Rozalia imeungua, na mwanamke mzee amelala kifudifudi karibu na kisima. Uso hakuuona. Amelia hakungoja kuambiwa zaidi. Walitandika mikeka uani, jirani yao Helena, mwalimu aliyehamia kutoka Songea, akaleta unga na maharage, katekista akasalisha, na Amelia akalia mpaka sauti ikamkauka, akimwita mama yake kwa jina, njoo, mama, njoo unione, kama watu wanavyoita kwenye msiba bila kutegemea kuitikiwa. Katika ukoo wao jina la mtu mzima halipewi mtoto mpaka mwenyewe awe amekufa. Mtoto alipozaliwa wakampa.

Basi korosho zikaendelea kumenywa. Baada ya korosho zikafuata sufuria, akazikuta zimesuguliwa kwa majivu zinang'aa. Zikafuata nepi, zimekunjwa pembetatu kama mama yake alivyokuwa akikunja. Mtoto akilia chumbani huku yeye akiwa uani na mikono imejaa, kilio kilikatika ghafla, na mahali pake pakasikika wimbo wa Kimakonde wa kubembelezea, ukiimbwa na mtu aliyefunga mdomo.

"Mama Roza," Helena alimwambia siku moja juu ya ua, "naona mmepata mgeni. Ni mama mzazi wa nani? Ana sauti tamu."

"Ni mama yangu," Amelia akajibu.

"Yule tuliyemlilia?"

"Mama mdogo," akasema haraka. Lakini neno la kwanza ndilo lililotoka moyoni. Alijua, na alifurahi. Alikuwa amechoka, alikuwa mpweke, na mtu aliyekuwa akimlilia alikuwa amekuja kumsaidia kazi. Ni nani angemfukuza?

Kitu kimoja tu kilimkera. Nyumba ilianza kunuka tope, lile tope jeusi la mikoko ya pale Ruvuma inapoingia baharini, ambalo walilikanyaga mpaka magotini usiku wa kuvuka. Alideki kwa sabuni, akafukiza, akahamisha hata kitanda. Harufu haikuhama.

Kisha mtoto akakataa ziwa. Akipakatwa na mama yake aligeuza uso, akafunga midomo, akamtazama kama anavyotazamwa mtu baki. Wala hakulia njaa. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kushiba kwingine, na bado mikono yake ilizidi kukonda, na kliniki muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akaguna, akamuuliza Amelia anamlisha nini huyu mtoto.

Jibu alilipata adhuhuri moja. Alikuwa uani anabangua, mafuta ya maganda yanamchoma vidole, akakumbuka kitambaa alichokisahau chumbani, akaingia bila viatu na bila kikohozi, na pale kitandani akamwona mwanawe amelala ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo kutoka kwenye mto wala hapakuwa na mkono wowote ulioinua kichwa kile, midomo imefumba juu ya hewa tupu, inavuta, inapumzika, inavuta tena, na koo lake dogo linameza, linameza, na godoro mbele yake limebonyea kwa urefu wa mwanamke mzima, na wimbo ule ukaendelea bila kujali kwamba mlango umefunguliwa, mpaka ukafika mwisho wa ubeti, ndipo ukanyamaza kama mtu aliyegeuza kichwa.

Amelia alimnyakua mtoto. Midomoni mwake palikuwa na tope laini, la baridi, na alipompangusa kwa kidole mtoto akaanza kulia kwa kunyang'anywa.

Celestino aliporudi alimkuta amekaa nje juu ya tofali, mtoto mgongoni, hataki kuingia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaangalia huku na huku kama kuna anayewasikia.

"Kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

"Nilidhani ni mama."

"Amelia, sisi hapa ni wageni," akanong'ona. "Ikisikika tuna jini, mwenye nyumba atatutoa kesho, na kule ghalani hakuna atakayebeba gunia na mimi. Nyamaza. Nitamtafuta mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Zuberi, mganga wa Ziwani, mfupi, mwenye kofia safi na maneno machache. Alikuja kwa baiskeli, akavua makubazi mlangoni, akavuta pumzi mara moja tu, akajua.

"Maiti ya mama yako uliiona?"

"Sikuiona, mzee."

"Aliyekwambia amekufa, uso wake aliuona?"

"Hapana."

"Na wewe ukaita."

"Nililia tu, kama watu wote wanavyolia."

"Ulimwita mtu mkiwa mmetoka kuvuka maji ya wenyewe, nyayo hazijakauka," Zuberi alisema bila ukali. "Aliyekufa haji akiitwa, mwanangu. Anakuja yule anayepita, akasikia mahali pana nafasi. Umemfungulia, umemshukuru, mtoto ukamwachia. Sasa anajihesabu wa hapa. Akiendelea, huyu mtoto hamalizi mwezi."

Aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, akamtia mtoto matone ulimini. Alitia ubani kwenye chetezo, akasoma kwa sauti ya chini akizunguka vyumba vyote viwili. Alipofika kitandani sauti ya mwanamke ikalia kutoka ukutani, kwa Kimakonde, sauti ya Rozalia bila kasoro: mwanangu, huyu mwanamume ananifukuza, na wewe unaangalia? Amelia alijiziba masikio. Celestino alimshika mabega asije akakimbilia ukutani, maana miguu ilikuwa inataka kwenda. Kilio kikaishia mbali, upande wa mtoni, na harufu ikakatika.

"Bado moja," mganga akasema akijifuta jasho. "Hawa wakitolewa hurudi mara ya mwisho. Huja mchana kweupe, na mwili kabisa, hapo mlangoni. Atakuwa na sura yake, atakwambia mambo ya kwenu yote. Usifungue. Usijibizane naye. Mwambie mara tatu: tulikwisha kukulilia, msiba wako tumeula, jina lako lina mwenyewe. Akikubali kuondoka, yamekwisha. Ukifungua, usiniite tena."

Mtoto akarudi kwenye ziwa la mama yake siku ileile, akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Mikono yake ikaanza kujaa. Jumapili walikwenda kanisani wote watatu, Celestino akanunua soda, wakacheka njiani kama zamani. Amelia alimenya korosho zake mwenyewe, akazivunja nyingi tu, na kila iliyovunjika ilimpa raha.

Hodi ikapigwa adhuhuri, Celestino yuko kazini.

"Hodi wenyewe."

Amelia alishika komeo, akahakikisha limeingia. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga mpaka akakosa pumzi.

"Amelia," sauti ilisema kwa lugha ya kwao. "Mwanangu, ni mimi. Nimewatafuta nchi mbili."

Ubao wa mlango ulikuwa na ufa. Alichungulia. Mama yake alikuwa amesimama juani, amekonda, amezeeka kuliko miaka yake, kitambaa cha kichwani kimefifia, anatabasamu na mdomo unamtetemeka. Alinuka vumbi na jasho, lakini Amelia alikwisha kujiapiza kutoiamini pua yake wala macho yake wala kitu chochote kingine alichopewa na Mungu cha kumtambulia mama yake.

"Tulikwisha kukulilia," akasema. "Msiba wako tumeula. Jina lako lina mwenyewe."

Nje kikasikika kicheko kidogo, cha mtu anayedhani anataniwa.

"Acha mzaha, mwanangu, miguu inaniuma. Ni mimi niliyekuficha kwenye ghala la mtama ulipovunja mtungi wa baba yako. Fungua."

Ya mtungi ni kweli. Na yule mwingine naye angeijua ya mtungi, maana alijua mkunjo wa nepi, alijua wimbo, alijua kila kitu. Amelia akasema mara ya pili, machozi yanamtiririka. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Jina langu mmempa nani?" mwanamke aliuliza taratibu. "Mmenizika? Mimi nilikuwa kambini, Amelia, huko Nampula, naumwa, sina mtu wa kumtuma."

Akasema mara ya tatu.

"Basi," yule mwanamke akajibu. "Nimesikia. Nipe maji tu ninywe, nitakwenda."

Amelia aliuma kanga yake kwa meno. Hakutoa maji. Alisubiri mpaka nyayo zikaanza kuburura, zikapita uani, zikapotea upande wa barabara, ndipo akaketi sakafuni akalia kwa furaha, kwa kuwa ameweza, kwa kuwa mtoto wake amepona. Mtoto alikuwa amesinzia. Akamfungua mgongoni, akaenda kumlaza kitandani, akamfunika.

Haikupita hata robo saa, pikipiki ikasimama nje na honi ikapigwa. Alikuwa Shabani, bodaboda wa njia ya Mahurunga, kijana ambaye mtaa mzima unamfahamu. Amelia akamfungulia bila wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Nimeleta mzigo wa bibi," alisema akimpa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. "Nilimshusha hapo kwenye kona, nikaenda kutia mafuta, kumbe amesahau hiki. Nimekutana naye sasa hivi anarudi kwa miguu njia ileile niliyomtoa. Nimempigia honi, hakugeuka. Nikasema labda hapa hakukuta mtu."

"Bibi gani?"

"Si mama yako? Njia nzima ananiambia, kijana, taratibu, mgongo. Tulisimama mara mbili akatapika. Amekwambia alitembea kutoka wapi mpaka mtoni?"

Kifurushi kilifunguka mikononi mwake. Ndani mlikuwa na kofia ya mtoto ya uzi mweupe na soksi zake, zimefumwa na mtu ambaye macho hayaoni vizuri. Mama yake alimwona mara ya mwisho akiwa na mimba, na kila aliposubiri alikuwa akifuma.

Amelia alitupa mguu mmoja nje. Hapo ndipo tope lilipomjia puani kutoka nyuma, zito kuliko siku zote, na chumbani akasikia mtoto anameza, anameza, anapumzika, anameza, na sauti ya mama yake ikamwambia kwa Kimakonde, bila haraka, kama watu wanavyozungumza wakiwa wamempakata mtoto na hawataki kumwamsha:

"Umenifaa, mwanangu. Mwenye jina umemwambia mara tatu kwamba hana jina. Nimelichukua. Sasa chagua: ukimrudisha yule, mimi naondoka, na huyu niliyemshika naondoka naye. Ukimwacha aende, nitabaki nikulelee, na nitamnyonyesha kidogo tu, aishi."

"Mama?" Shabani aliita. "Nimfuate? Nikigeuza saa hizi nampata kabla ya barabara kubwa."

Amelia alitazama barabara. Jua lilikuwa kali, na kule mwisho, mahali mikorosho inapoanzia, kulikuwa na mtu mmoja mdogo anayetembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache. Bado angesikia akiitwa.

"Umekosea nyumba," alisema, akamrudishia kifurushi. "Mama yangu yumo ndani."

Shabani alimwangalia asielewe. Kabla hajauliza, sauti ya bibi mzee ikatoka chumbani, ya upole, Kiswahili chake kizito cha ng'ambo.

"Nani huyo, mwanangu? Mpe mgeni maji, jua kali."

"Ahsante, bibi, nimeshakunywa," Shabani akajibu kwa heshima, akaona haya kwa kuwasumbua watu, akafunga mzigo kwenye pikipiki na kuwasha.