Sauti ya Mapokezi

Mkanda ulikuwa wa moto, na mashine bado haijawashwa. Fundi aliushika, akaguna, akajisemea labda ni joto la chumba. Jamani, joto gani chini ya jengo, chumba kisicho na hata dirisha?

Kampuni ilimwita aokoe mafaili ya zamani kwenye mikanda ya sumaku ya kuhifadhia data, na kompyuta pekee iliyojua kuisoma ilikuwa moja kuukuu yenye mfumo wa Linux, imechoka kuliko viatu vyake. Alikubali kwa sababu moja tu. Marehemu mkewe aliwahi kufanya kazi hapo mapokezi, na sauti yake ya kupokea simu ilihifadhiwa humo. Picha zake alikuwa nazo. Sauti hakuwa nayo popote, na kwa miaka mitatu nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anaongea na birika.

Kila mkanda una kidude pembeni. Ukikisukuma, mashine inasoma tu, haiwezi kuandika kitu kipya juu yake. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Yeye, kwa pupa, akasahau.

Mashine ikanguruma. Faili likafunguka.

"Karibu, nikusaidie nini?"

Ni yeye! Fundi alilia kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumwona.

Kisha harufu ya marashi ya mkewe ikajaa chumba, nzito, imechanganyika na udongo mbichi, na spika, ingawa faili lilikuwa limeshaisha, ikapumua, ikapumua tena, karibu zaidi, kama mtu anayeinamia meza kutoka upande wa pili, halafu kwa sauti ileile ikamwita jina la utani walilolijua wao wawili tu: "Mchelewaji?"

Mama yake alimfunza tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Alikumbuka, tena vizuri sana. Lakini upweke hauna adabu.

"Naam, mke wangu," alinong'ona. "Nipo."

Mkanda ukajirudisha nyuma wenyewe. Taa nyekundu ya kuandika ikawaka. Alirukia swichi, wapi! Alipofungua faili tena, mkewe hakuwemo. Ilikuwemo sauti ya fundi mwenyewe: "Naam, mke wangu. Nipo."

Simu ikaita. Dada yake, aliyemwalika kula kwake jioni ile.

"Kaka, uko wapi? Chakula kinapoa, watoto wangu wanakungoja."

Alifungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Naam, dada," spika ikajibu nyuma yake, kwa sauti ya fundi. "Nakuja nyumbani."

"Haya, fanya haraka basi," dada akasema, akakata simu.